Makosa Yaliyopigwa Pasi

Katika chuo chetu, kufanya kazi ikatoka vizuri mara ya kwanza ni kosa, na kosa hilo mimi nilizaliwa nalo. Baba yangu ni dobi. Nyumbani kwetu shati lenye kikunjo huzungumzwa kwa sauti ya chini, kama ndugu aliyefungwa jela. Mtoto aliyelelewa kwenye nyumba ya namna hiyo hawezi kukaa mbele ya cherehani akaacha uzi unaning'inia. Atajaribu, lakini mkono utamkatalia.

Nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya vitambaa, na somo lililonitoa jasho lilikuwa la kudarizi kwa cherehani. Mwalimu wake tulimwita Bi Kwanini, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa swali lake la asubuhi, la mchana na la kwenye ngazi. Kwa nini nyekundu? Kwa nini mshono umesimama hapa? Ukimjibu, jibu lako nalo analiuliza kwa nini. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumwambia kwa hasira kwamba anashona hivyo kwa sababu anapenda. Akaulizwa kwa nini anapenda, na hadi leo sijui kama amepata jibu.

Bi Kwanini alikuwa na sheria moja isiyopindishwa. Kila sampuli iliyokamilika lazima iambatane kwenye folda na zile zilizoharibika kabla yake: ile ambayo uzi ulikatika, ile ambayo kitambaa kilijikunja, ile ambayo mkazo wa uzi ulilegea hadi mishono ikasimama kama nywele za mtu aliyeamka. Hiyo aliiita safari. Muhula wa kwanza mimi nilipeleka mchoro na sampuli, basi. Sikuwa na cha katikati. Akanipa alama za sampuli, na kwenye safari akaniwekea sifuri ya mviringo mzuri.

"Kazi yako ni safi," aliniambia. "Ila sioni ulipopita. Muhula huu ukileta tena folda isiyo na safari, mwaka wa tatu hutauona."

Alisema bila chuki yoyote, na hilo ndilo lililonikata maini. Mtu akikuchukia, angalau unajua utamlaumu nani.

Jirani yangu wa meza hakuwa na shida hiyo. Tulimwita Dhana, kwa kuwa neno hilo lilikuwa halimtoki mdomoni. Dhana hakuwahi kukamilisha sampuli hata moja tangu tuanze. Folda yake ilikuwa imejaa vitambaa vilivyotoboka, vilivyoungua na vilivyoshonwa pamoja na kipande cha mkono wa shati lake mwenyewe, na alikuwa anaongoza darasa. Nilipomwomba anigawie makosa mawili matatu, alifikiri kwa uzito unaostahili.

"Ningekupa, dada," akasema. "Lakini makosa yangu yana mkono wangu. Bi Kwanini atayajua tu."

Basi nikaona nitayatengeneza yangu.

Mada niliyochagua ilikuwa kola. Tangu nikiwa mdogo nimekaa kwenye meza ya Baba nikigeuza kola za watu ili azisugue kwa ndani, na nilichojifunza ni kwamba kila shingo hula kola yake kwa namna yake. Anayebeba mkoba begani huila upande mmoja. Anayeinamia meza kutwa huila kwa nyuma. Kuna mteja mmoja, mtu wa kugeuka kuangalia nani anamfuata, yeye huimaliza pande zote mbili na katikati ikabaki mpya. Nilikuwa nimeichora mistari hiyo ya uchakavu, nikataka niidarizi kwa uzi mwekundu juu ya pamba nyeupe: minene pale shingo inaposugua, myembamba inapoishia. Nikashusha meno ya cherehani ili kitambaa kifuate mikono yangu badala ya kwenda chenyewe, nikakibana kwenye fremu ya duara na karatasi ngumu chini yake, nikakanyaga. Ikatoka vizuri mara ya kwanza. Nikajitukana kimoyomoyo.

Hapo ndipo nilipochukua karatasi nikaanza kusanifu makosa. Nilichora moja ambalo uzi wa chini ungejisokota, moja ambalo kitambaa kingejikunja kwa kukosa karatasi ngumu, moja la sindano butu. Nilipima kila moja kwa rula. Kisha nikakaa kwenye cherehani nikayashona, na kila moja likanidhalilisha. Uzi uliojisokota ulikaa duara kamili, kama kifungo cha koti. Mikunjo ilijipanga mmoja baada ya mwingine kama marinda ya sketi. Moja nililipaka mafuta ya cherehani kwa kidole gumba ili lionekane limehangaika, nikarudi nyuma kuliangalia, nikagundua nimelipaka katikati barabara.

Nikaona dawa ni uzi. Uzi ukiwa mbovu wa kuzaliwa, hata mimi sitaweza kuuokoa. Nikaenda kwenye duka la vifaa vya kushonea, nikamwomba mama mwenye duka uzi mwekundu ulio mbaya kuliko wote.

"Unataka wa bei nafuu?" akaniuliza.

"Nataka mbaya."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa usoni pangu, akainama chini ya meza na kutoa kidonge cha uzi chenye vumbi. "Huu wa kufungia mifuko. Usishonee nguo ya mtu, mwanangu. Nitalaumiwa mimi."

Nilimwapia kwamba si nguo ya mtu. Ule uzi ulifanya kazi yake. Ulikatika, ukachanika, ukaacha manyoya kwenye tundu la sindano, na kwa mara ya kwanza nikapata kola iliyoharibika kwa kiasi cha kuridhisha. Nikaiweka juu kabisa kwenye folda, kama mtu anavyoweka tunda zuri juu ya fungu.

Sasa niseme kidogo kuhusu Baba na kitambaa chake, maana bila hicho mengine hayataeleweka.

Baba ana kitambaa cheupe cha kujaribia rangi. Nguo yoyote ikiingia kwake, kabla haijagusa maji, analowesha kona ya kile kitambaa, anaibana kwenye upindo wa nguo kwa ndani, anasubiri, kisha anaangalia. Kikibaki cheupe, husema, "Imetulia," na nguo inaingia beseni. Kikitoka na rangi, nguo inafuliwa peke yake kwenye maji baridi. Anazijaribu za wakubwa na za wadogo. Kanzu ya shemeji yake, mtu wa dini, aliijaribu mwenye kanzu akiwa amesimama pale pale. Ndiyo maana mtaani wanasema hajawahi kuchujisha nguo ya mtu, na yeye anaposikia hivyo hujifanya anatafuta vibanio.

Nguo pekee asizozijaribu ni zetu, mimi na Mama. Zetu zinakwenda beseni moja kwa moja.

Siku moja kabla ya Bi Kwanini kupitia folda, nilikwenda chuoni kuchapisha picha za michoro yangu, nikaiacha folda kwenye meza ya pasi. Baba hakuwa na tabia ya kupekua vitu vyangu. Lakini folda ilikuwa kwenye meza yake, na pembeni ulichungulia upindo wa kitambaa kilichojikunja, na hilo kwa Baba ni sawa na mtoto kulia chumba cha pili. Akaifungua.

Mama ndiye aliyenisimulia baadaye. Alitoa sampuli moja moja, akazipanga mezani, akashika tama. Akamwambia Mama, "Huyu mtoto kesho anawapelekea walimu vitu hivi?" Mama akamwambia aache, ya chuo hayajui. Akasema ni kweli ya chuo hayajui, lakini mafuta ya cherehani anayajua.

Niliporudi alasiri, makosa yangu yalikuwa yameanikwa kwenye kamba, yamebanwa kwa pembe, yanapepea. Yalikuwa yamefuliwa kwa maji ya moto, yakatiwa wanga, mengine yalikuwa yameshapigwa pasi na kukunjwa mezani. Mikunjo yangu ya kupima kwa rula ilikuwa imenyooka. Mafuta yalikuwa yametoka kabisa. Uzi uliojisokota alikuwa ameufumua kwa ncha ya pini na kuufunga vizuri kwa nyuma. Kazi ya majuma ilikuwa imesafishwa ikasafishika, na nilisimama pale uani mdomo wazi, nikiuona mwaka wa tatu unaondoka.

Halafu nikamwona Baba. Alikuwa amekaa. Saa ya kazi, makaa yanawaka kwenye pasi, na yeye amekaa kwenye kigoda na kitambaa kimoja mapajani. Ilikuwa ile kola ya uzi mbovu. Nyekundu ilikuwa imetoka kwenye mishono ikatambaa kwenye pamba nyeupe pande zote, karibu na uzi nzito, mbali kidogo hafifu, waridi waridi. Pembeni yake kulikuwa na chumvi, siki na limau lililokamuliwa hadi likabaki ganda.

"Doa limegoma," akasema. Hakunitazama. "Nimekuharibia."

"Baba, ilikuwa imeharibika tayari."

"Ilikuwa imechafuka. Kuharibika nimeiharibu mimi."

"Niliiharibu kwa makusudi. Zote. Mwalimu anataka."

Akainua uso. "Mwalimu anataka uharibu?"

"Anataka aone tulipokosea."

"Si akae tu hapo darasani awaangalie?"

"Mimi sikosei, Baba. Ndiyo shida yenyewe. Ikabidi nitengeneze."

Akaokota lile ganda la limau, akaligeuza kiganjani. Nadhani alikuwa anapima kama ni mimi niliyechanganyikiwa au ni chuo. Mimi nilikuwa nimekasirika, na hasira ikatafuta pa kutokea, ikapata.

"Na wewe kitambaa chako cha kujaribia kilikuwa wapi? Kanzu ya shemeji unaijaribu, hii hukuijaribu kwa nini?"

"Yako?" akasema Baba. "Nijaribu ya kwako?"

Akaikunja ile kola mara mbili, akanipa, akasimama kwenda kugeuza makaa. Mama alikuwa mlangoni na beseni kiunoni. Alinitolea macho ya kuniambia ninyamaze, ingawa nilikuwa nimeshanyamaza.

Kesho yake nilipeleka nilichokuwa nacho. Ofisi ya Bi Kwanini ilikuwa na dirisha kubwa na meza ndefu, na folda yangu ilifunguliwa hapo kama mgonjwa. Aliinua kitambaa cha kwanza, akakinusa.

"Hiki kina wanga."

"Ndiyo, mwalimu."

"Kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandalia maelezo mazuri njiani. Dhana alikuwa amenisaidia, kulikuwa na maneno kama uso wa kitambaa na mvutano. Sasa niliyatafuta nikayakosa. Nikasema, "Baba alizifua."

"Kwa nini?"

"Aliona aibu kwa niaba yangu."

Akaweka kitambaa chini. Akapitia vingine haraka haraka, uso hauna habari. "Hivi vimeharibika kwa adabu mno," akasema. "Hata kabla ya kufuliwa, naona. Ulivichora kwanza?"

"Kwa rula," nikasema. Sikuona tena faida ya kuficha.

Kisha akafika kwenye kola. Akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akaipeleka dirishani. Alikaa nayo huko kwa muda hadi nikaanza kuhesabu madirisha ya jengo la pili.

"Naona shingo," akasema. "Si kola. Hapa pamesuguliwa hadi pakawa pekundu. Kwa nini imechuja?"

"Uzi ni mbovu."

"Kwa nini ulitumia uzi mbovu?"

"Ili ionekane nimekosea."

"Na baba yako ni dobi, najua. Dobi hujaribu rangi. Kwa nini hii hakuijaribu?"

Nilikuwa nimeshaulizwa kwa nini mara nyingi na yule mama, na siku zote nilijibu kwa kichwa. Lile moja sikulipeleka kichwani.

"Kwa sababu ilikuwa yangu," nikasema.

Bi Kwanini alisimama pale na kola mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza kitu. Alirudi mezani, akaandika, akaandika tena. Mwisho akasema, "Kwenye folda nzima hili ndilo kosa pekee lililofanywa na mtu aliyekuwa anajitahidi isiharibike. Utalitundika kwenye maonyesho. Na mwaka wa tatu uje na safari yako mwenyewe, usiazime ya baba yako."

Nilitoka pale nimefaulu. Nilimwambia Dhana, akanipa mkono kwa huzuni kidogo, kama mtu anayeona biashara yake imepata mshindani.

Nyumbani, Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi. Baba aliuliza ni ipi itakayotundikwa. Nilipomwambia, aliweka pasi kwenye kibao chake.

"Ile?"

"Ile."

"Mbele ya watu?"

"Wameipenda, Baba."

"Nusu ya walimu wale nawafulia mimi," akasema. Akaishika pasi tena, akapiga shati la mtu, akalirudia. "Basi usiandike kwamba ni mimi."

Sikuandika. Kwenye kikaratasi cha pembeni Bi Kwanini aliniambia niandike pamba, uzi, maji ya moto, na nikaandika hivyo.

Siku ya maonyesho ukumbi ulikuwa umejaa. Kola yangu ilikuwa imetundikwa peke yake kwenye ukuta mpana, taa imeielekea, bila kioo. Watu walisimama mbele yake na glasi za soda, vichwa vimelala upande. Mmoja alisema rangi inapumua. Mwingine, ambaye shati lake nalijua hadi tundu la kifungo, alisema msanii ameonyesha ujasiri wa kuachilia. Dhana alikuwa anawafafanulia wote bila kuombwa.

Baba alikuja. Sikumtegemea. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo ungeweza kujikata nalo, na Mama pembeni yake ameshika mkoba kwa mikono miwili. Hakuniona. Alipita katikati ya watu, akawaamkia wateja wake wawili watatu kwa kuinamisha kichwa, akasimama mbele ya kola. Dhana akamsogelea.

"Mzee, hapa dhana ni kwamba kitambaa kimekataa mipaka."

"Naona," akasema Baba.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa mfuko mdogo wa plastiki, na ndani ya mfuko kikatoka kile kitambaa cheupe, kimeshaloweshwa. Watu wakaacha kuongea. Akainua pembe ya chini ya kola kwa vidole viwili, akaweka kitambaa nyuma yake, akabana. Mlinzi wa mlangoni akaja mbio.

"Mzee, kazi za sanaa haziguswi."

"Mwache," nikasema. Nilikuwa nimeshafika. "Ni baba yangu."

Mlinzi akaniangalia mimi, akamwangalia Bi Kwanini. Bi Kwanini akamtikisia kichwa arudi mlangoni. Baba hakuwa na habari nao. Alisubiri muda wake wote, kama anavyosubiri siku zote, kisha akakitoa kitambaa, akakigeuzia taa. Kilikuwa cheupe.

"Imetulia," akasema.

Watu wengine walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Mimi nililia, na sikujificha. Nilidhani nalia kwa furaha, na kwa kweli furaha ilikuwamo. Baba alikirudisha kitambaa kwenye mfuko wa plastiki, akanipiga piga begani, akaniambia nimefanya vizuri. Niliamini kwamba pale jambo limekwisha, na kwa upande wa chuo lilikuwa limekwisha.

Jumamosi iliyofuata nilijinunulia blauzi ya buluu kwa ajili ya kufungulia mwaka wa tatu. Niliivaa mara moja, nikaileta uani ifuliwe na nguo nyingine. Baba aliipokea, akaikunjua, akaipongeza rangi yake. Halafu akachukua kile kitambaa kwenye msumari, akalowesha kona, akaibana kwenye upindo kwa ndani. Mama aliyekuwa anaanika alisimama na kibanio mdomoni, akanitazama, akageuka akaendelea kuanika.

Nilisimama pale nikisubiri pamoja naye, kama wateja wengine wanavyosubiri.